Soft Machine: bendi iliyobadilika mtu kwa mtu

Third, albamu ya tatu ya bendi ya Kiingereza Soft Machine, ilitoka Juni 1970. Ni santuri mbili zenye pande nne, na kila upande una kipande kimoja tu kinachokaribia dakika 19. Katika pande tatu haimbi mtu. Miaka mitatu kabla ya hapo bendi hiyohiyo ilikuwa ikipiga nyimbo za roki zenye maneno ya utani katika klabu ya UFO jijini London, walikokuwa wakipiga pia Pink Floyd. Na ilipofika mwaka 1976, hakubaki ndani yake hata mmoja wa waanzilishi, ingawa jina liliendelea kuandikwa kwenye mabango.

Mashabiki wa jazi hukisimulia kisa hiki kama habari ya vijana wa roki waliokua wakauelewa muziki. Mashabiki wa roki hukigeuza: bendi ya watundu iliingiliwa na mabingwa wa kusoma noti, ikakauka. Sikubaliani na upande wowote. Anayetaka kujua jinsi jazi ya Uingereza ilivyochanganyika na roki aiweke kando kwanza habari ya mitindo, aangalie nani aliingia, nani alitoka, na nani alikuwa na uwezo wa kumlipa.

Tuanze Canterbury, mji wa kanisa kuu ulio kusini-mashariki mwa Uingereza. Mama yake Robert Wyatt, atakayekuwa mpiga drams wa bendi, alikuwa na nyumba kubwa kijijini Lydden, si mbali na mji huo, akipangisha vyumba ili kujikimu. Mwaka 1961 akaja mpangaji kutoka Australia, Daevid Allen, kijana mwenye nywele ndefu na santuri nyingi za jazi. Mpangaji mwingine, Mmarekani, alimfundisha Wyatt kupiga drams. Wanafunzi wa shule za pale, Mike Ratledge na Hugh Hopper miongoni mwao, walizoea kwenda kusikiliza. Mwaka 1963 Allen, Wyatt na Hopper walikwenda London kupiga jazi huru, isiyofungwa na mpangilio, pamoja na mashairi, na hawakupata wa kuwasikiliza. Hapo ndipo hadithi ya "vijana wa roki waliogundua jazi" inapopasuka. Watu hawa walianza na jazi. Wyatt na Hopper waliporudi Canterbury wakaunda bendi ya Wilde Flowers na kupiga muziki wa kuchezeka, kwa sababu huko ndiko maonyesho yalikokuwa. Mwaka 1966 Allen, Wyatt, Ratledge na Kevin Ayers wakaunda Soft Machine, jina walilolichukua kwenye riwaya ya William Burroughs.

Kwa nini kijana wa Uingereza anayependa jazi akimbilie roki? Kuanzia mwaka 1935 serikali, kwa kusukumwa na chama cha wanamuziki, iliacha kuzipa bendi za Kimarekani vibali vya kufanya kazi nchini. Hali hiyo ilidumu hadi mwaka 1956, ulipofikiwa utaratibu wa kubadilishana, bendi kwa bendi. Katika miaka yote hiyo mpulizaji wa London alijifunza jazi kwa santuri, au aliomba kazi kwenye bendi za meli za abiria zinazovuka Atlantiki ili apate usiku mmoja au miwili ya kusikiliza wenyewe New York. Ronnie Scott alipita njia hiyo. Mwaka 1959 alifungua klabu yake, Ronnie Scott's, na milango ilipofunguka kwa Wamarekani, Wamarekani ndio waliojaza ukumbi. Vijana wa nyumbani walipiga vyumba vya nyuma vya baa na kumbi ndogo. Scott alipohamia Mtaa wa Frith mwaka 1965 aliwaachia kwa muda ile sehemu ya zamani, hadi mwaka 1968, na humo walikulia John Surman, Mike Westbrook na wenzao.

Ndani ya vyumba hivyohivyo walikuwemo Waafrika. Blue Notes, kundi la Chris McGregor lililochanganya weusi na mzungu mmoja na hivyo kuvunja sheria za ubaguzi za Afrika Kusini, waliondoka kwao mwaka 1964 na kufika London mwaka uliofuata. Dudu Pukwana, Mongezi Feza, Johnny Dyani na Louis Moholo walipiga kwa nguvu ambayo Waingereza wengi hawakuwa wameisikia kwa karibu. Vijana waliojazana kwenye maonyesho yao ndio hao watakaotajwa hapa chini, na Feza mwenyewe atarudi.

Wakati huo roki ilikuwa na pesa, na mpaka kati ya pande mbili ulikuwa mwembamba kuliko tunavyodhani. Graham Bond alikuwa mpuliza saksafoni wa jazi aliyehamia kwenye kinanda. Bendi yake ya mwaka 1963 ilikuwa na Jack Bruce, Ginger Baker na John McLaughlin, na kutoka humo Bruce na Baker walikwenda kuunda bendi ya roki ya Cream mwaka 1966 pamoja na Eric Clapton. McLaughlin, mpiga gita, alirekodi albamu yake Extrapolation London, Januari 1969, na mwezi uliofuata alikuwa New York studioni na Miles Davis, mpiga tarumbeta mashuhuri wa jazi. Dave Holland, mpiga besi, alikuwa ametangulia, baada ya Davis kumsikia pale kwa Ronnie Scott. Waliobaki walijua maana yake: mwenye bahati huondoka.

Turudi kwa Soft Machine. Agosti 1967, wakitoka Ufaransa, maofisa wa uhamiaji walimkatalia Allen kuingia tena Uingereza. Akabaki upande wa pili wa bahari, akaanzisha bendi ya Gong. Bendi ikawa haina mpiga gita, na pengo hilo lina uzito kuliko falsafa yoyote ya kimuziki. Ratledge alilazimika kuijaza nafasi ya gita kwa kinanda. Akakiunganisha na kifaa cha kukwaruza sauti kilichotengenezwa kwa ajili ya magita, akaongeza sauti ya spika hadi mwisho. Tabu ilikuwa kwamba, kwa sauti ile, kila alipoinua vidole kinanda kilianza kupiga mluzi chenyewe. Dawa ilikuwa kutoinua vidole. Ndiyo maana solo zake zinakwenda bila pumzi, noti juu ya noti kama mpulizaji asiyehitaji hewa, na watu wanazisifu kwa kufanana na saksafoni. Ufundi ule ulitokana na hitilafu ya mitambo, na mimi nauona ni mchango wa Uingereza kwa jazi-roki ulio halisi kuliko nadharia nyingi zilizoandikwa baadaye.

Mwaka 1968 walizunguka Marekani wakifungua maonyesho ya Jimi Hendrix, wakarekodi albamu ya kwanza New York, wakachoka, bendi ikavunjika. Ayers akaenda zake. Mwaka 1969 wakaungana tena, na nafasi yake ya besi ikachukuliwa na Hugh Hopper, ambaye katika ziara ile alikuwa mbeba vyombo. Albamu ya pili ina nyimbo fupi zilizoshonwa pamoja, Wyatt akiimba na hata kuikariri alfabeti. Brian, kaka yake Hopper, aliwapulizia saksafoni katika albamu hiyo. Ratledge na Hugh Hopper wakapenda.

Uamuzi ulioibadilisha bendi ulikuja mwishoni mwa mwaka 1969. Keith Tippett, mpiga piano kijana kutoka Bristol, alikuwa na kundi la watu sita lililokuwa likisifiwa London. Wapulizaji wake watatu, Elton Dean kwenye saksafoni, Marc Charig kwenye kornet (tarumbeta fupi) na Nick Evans kwenye trombone, alikutana nao mwaka 1968 katika mafunzo ya jazi ya kiangazi mjini Barry, Wales. Soft Machine iliwachukua wote watatu, ikamwongeza Lyn Dobson wa saksafoni na filimbi. Ghafla bendi ya watu watatu ikawa ya watu saba. (Dean na Charig walikuwa wametoka Bluesology, bendi iliyompigia mwimbaji Long John Baldry. Mpiga piano wa bendi hiyo, Reginald Dwight, alipoondoka alichukua jina moja kwa Dean na lingine kwa Baldry, akajiita Elton John.)

Msomaji anayejua historia ya dansi ya Dar es Salaam na Morogoro, jinsi bendi zilivyonyang'anyana wapiga gita na waimbaji, hatashangaa. Tofauti ni kwamba hapa Tippett hakuchukiana na wanyang'anyi wake. Aliendelea kuwatumia watu walewale, na mwaka 1970 akakusanya Centipede, kundi la wanamuziki 50, ambamo Wyatt alipiga drams na Dudu Pukwana alipuliza saksafoni. Robert Fripp wa bendi ya roki ya King Crimson ndiye aliyesimamia albamu yao. Tippett alipiga piano katika albamu kadhaa za King Crimson, akaombwa ajiunge, akakataa. London ya jazi ilikuwa kijiji. Mtu yuleyule alikuwa jazi Jumatatu, roki Alhamisi, na Jumapili alipiga muziki usio na jina.

Bendi ya watu saba haikudumu. Mishahara saba, vyumba saba vya kulala na magari ya kubebea watu na vyombo vilikula kila walichopata, na kabla mwaka haujaisha Charig na Evans walikuwa wameondoka. Dobson aliwafuata miezi michache baadaye. Akabaki Dean peke yake. Ninaposoma uchambuzi unaodai kwamba bendi "iliamua" kuwa ya watu wanne ili kupata sauti nyepesi, hucheka. Mhasibu ndiye aliyeamua.

Hata hivyo Third imebeba alama ya watu wote hao. "Facelift" ya Hopper imetokana kwa sehemu kubwa na maonyesho ya jukwaani ya Januari 1970, yakakatwa na kuungwa, na mikato inasikika. Sauti ni mbaya, lakini nisingependa isafishwe. "Slightly All the Time" ya Ratledge ndiyo iliyo jazi zaidi, yenye besi inayotembea polepole na hesabu ya mapigo inayobadilika bila kutangaza. "Out-Bloody-Rageous" inafungua kwa tepu za kinanda zinazojirudia, mbinu iliyotoka kwa mtunzi wa Kimarekani Terry Riley, ambaye Allen alimjua Paris.

Halafu kuna upande wa tatu, "Moon in June" ya Wyatt. Huu ndio wimbo pekee wenye maneno, na nusu yake ya kwanza karibu yote aliipiga mwenyewe: kinanda, besi, drams na sauti. Wenzake wanaingia kwenye nusu ya pili, baada ya kuimba kumalizika. Anaimba habari za kumkumbuka mtu na za kutamani nyumbani. Aliporekodi wimbo huo redioni BBC mwaka 1969 alibadili maneno kabisa, akaisifu studio yenyewe na mashine ya chai iliyokuwa kwenye ujia. Utani wa namna hiyo wapulizaji hawakuwa nao, wala hawakuuhitaji.

Kwangu mimi albamu hii inashinda kwa sababu hakuna upande uliomiliki nyumba. Ratledge na Hopper walitunga kama watu wa jazi lakini hawakuwa na mazoea ya miaka mingi ya jazi mikononi, kwa hiyo walitafuta njia zao. Dean alikuwa nayo mazoea hayo, ila alilazimika kupuliza juu ya besi yenye mkwaruzo na kinanda kisichonyamaza. Wyatt alipiga drams akiwa na masikio ya mwimbaji. Kila mmoja alikuwa ugenini kidogo.

Agosti 13, 1970 BBC iliwaweka kwenye Proms, matamasha ya muziki wa kizungu wa kale, ndani ya Royal Albert Hall. Hakuna bendi ya roki iliyokuwa imealikwa pale kabla yao. Mtunzi Tim Souster ndiye aliyewavuta, katika usiku uliokuwa pia na kazi yake na ya Riley. Wyatt amesimulia kwamba kabla ya kupanda jukwaani alitoka nje kuvuta sigara, na alipotaka kurudi bawabu akamzuia: humu ndani, alimwambia, unapigwa muziki wa maana tu. Magazeti yaligawanyika. Bendi, ikiwa imepandishwa hadhi na taasisi kubwa kuliko zote, ilianza kujichukulia kwa uzito, na hapo naona mwanzo wa tatizo.

Mwaka huohuo Wyatt alitoa albamu yake binafsi, na juu ya jalada akajitambulisha kama mwimbaji wa pop asiye na kazi, ambaye kwa sasa anapiga drams na Soft Machine. Ni mzaha, lakini ndani yake kuna malalamiko. Fourth ya mwaka 1971 haina kuimba hata kidogo. Kabla mwaka haujaisha Wyatt alikuwa nje ya bendi aliyoianzisha. Bendi yake mpya aliiita Matching Mole, yaani jina la Soft Machine kwa Kifaransa, machine molle, likitamkwa na Mwingereza.

Nafasi yake alipewa Phil Howard, rafiki wa Dean kutoka Australia, mpigaji huru kabisa asiyependa kushika hesabu. Ratledge na Hopper hawakuweza. Fifth ya mwaka 1972 ni ushahidi wa mgogoro wenyewe: upande wa kwanza anapiga Howard, wa pili anapiga John Marshall, kwa kuwa Howard alifukuzwa kazi ikiwa nusu. Dean naye akaondoka mwaka huo.

Marshall alikuwa ametokea bendi ya Nucleus, na hapa lazima tumtambue kiongozi wake, Ian Carr. Alizaliwa Scotland mwaka 1933, akasoma fasihi ya Kiingereza chuoni Newcastle, akapiga tarumbeta. Kwa miaka ya 1960 aliongoza na Don Rendell kundi la watu watano lililotoa albamu tano nzuri za jazi ya akustiki, zikaheshimiwa sana na kununuliwa kidogo. Septemba 1969 aliunda Nucleus: Karl Jenkins kwenye obo (ala ya kupuliza), saksafoni na piano ya umeme, Brian Smith wa New Zealand kwenye saksafoni, Chris Spedding kwenye gita, Jeff Clyne kwenye besi, Marshall kwenye drams. Albamu yao ya kwanza, Elastic Rock, waliirekodi Januari 1970, kabla Bitches Brew, albamu ya jazi-roki ya Miles Davis, haijafika madukani. Juni mwaka huo walishinda tamasha la Montreux, na zawadi ikawa kwenda kupiga Newport, Marekani.

Nucleus walikuja kwenye mchanganyiko kutoka mlango wa pili: watu wa jazi waliokomaa, wanaosoma noti bila shida, wakitafuta mapigo ya roki na wasikilizaji wa roki. Vyuo vilikuwa na kumbi zilizojaa vijana, na lebo za santuri kama Vertigo, iliyoanza mwaka 1969, zilikuwa tayari kuweka pesa kwa chochote kirefu chenye jalada la ajabu. Carr alitaka kazi ya kudumu kwa wanamuziki wake. Elastic Rock ni safi, imepangwa, mikwaruzo haipo. Naipenda. Ila haiwezi kuniudhi, na Third inaniudhi kila mara walau dakika tatu.

Sasa tazama orodha. Mwaka 1972 Marshall na Jenkins waliingia Soft Machine. Mwaka 1973, baada ya albamu ya sita, Hopper alitoka na Roy Babbington, naye wa Nucleus, akachukua besi. Mwishoni mwa mwaka huo akaingia Allan Holdsworth, aliyekuwa amepiga gita katika albamu ya Carr, Belladonna. Watu wanne kati ya watano walikuwa wamepita mikononi mwa Carr. Ratledge alikuwa mgeni katika bendi yake, na utunzi ukahamia kwa Jenkins, ambaye alipenda msingi mfupi unaojirudia huku mpiga solo akipaa juu. Carr hakunyamaza wala hakufunga duka: alijaza nafasi, akaendelea na Nucleus, mwaka 1973 akachapisha kitabu kuhusu jazi ya Uingereza na ugumu wa kuishi kwayo.

Bundles ya mwaka 1975 ni kazi ya mabingwa. Gita la Holdsworth, linalokimbia bila kukatika kama kile kinanda cha zamani cha Ratledge, linatosha kuihalalisha. Lakini ukimfumba macho msikilizaji, anaweza kukwambia ni bendi ya Kimarekani, na hakuna aliyewahi kusema hivyo kuhusu Third. Ukamilifu uliletwa na watu waliojua kila kitu tangu siku ya kwanza ya mazoezi, na waliokuwa na haki ya kutafuta mshahara kama mtu mwingine yeyote.

Wyatt alianguka kutoka dirishani Juni 1973, akapooza kuanzia kiunoni kwenda chini. Kupiga drams kama zamani kukaisha. Albamu aliyoitoa mwaka uliofuata, Rock Bottom, ina Hopper kwenye besi na Mongezi Feza kwenye tarumbeta, na Ufaransa ikaipa tuzo ya Charles Cros. Ni mtu aliyefukuzwa kwa sababu, kati ya mambo mengine, hakuna aliyetaka aimbe, naye anaimba juu ya watu wa jazi ambao hakuna hata mmoja anayejaribu kuonekana bingwa. Feza alikufa London Desemba 1975, akiwa na umri wa miaka 30.

Ratledge aliondoka mapema mwaka 1976, na Soft Machine ikaendelea na watu wa Jenkins kwa miaka michache. Katika miaka ya 1980 wawili hao, Jenkins na Ratledge, walifanya kazi pamoja tena, safari hii wakitunga muziki wa matangazo ya biashara. Tangazo moja la shirika la ndege la Marekani, Delta, likazaa albamu ya Jenkins ya Adiemus, iliyouzwa duniani kote kuanzia mwaka 1995. Kwenye albamu hiyo Ratledge ametajwa pia, kwa midundo aliyoipanga kwa kompyuta.